Uchungu Kabla ya Uchungu

14 Mei, Jumatano

Leo Dkt. Raghad amenisimamisha kazi. Skuli ya Ghubra ninakosomesha hisabati watamweka mtu mwingine mpaka nirudi. Nilitaka kuwafikisha wasichana wangu kwenye mtihani, lakini hakunipa nafasi ya kubishana. "Nadra, mimba yako si ya kawaida," alisema. "Kaa nyumbani, kunywa maji, na ukiumwa tumia dawa mapema. Usingoje mpaka ulie."

Nimeingia mwezi wa nane. Nina selimundu tangu kuzaliwa. Chembe zangu za damu hujikunja, zikakwama kwenye mishipa, na zilipokwama ndipo panapouma: mapaja, mgongo, mbavu. Baridi huzichochea, na kiu, na uchovu, na homa. Mimba pia. Vidonge vilivyonituliza miaka yote niliviacha kabla sijashika mimba kwa sababu si salama kwa mtoto. Nimebaki na maji, panadol, na tembe za mofini kwa siku mbaya; mwanzoni mwa mimba nilimeza mbili tatu.

Naandika kwa sababu nikisema, nyumba nzima inasimama. Nikiandika hakuna anayesimama.

16 Mei

Joto limeanza kweli. Asubuhi ukigusa mlango wa gari unaungua. Ndani ya nyumba tunapigana kimyakimya juu ya kiyoyozi. Hii ni nyumba ya mavyaa wangu, Bi Wadha, mama yake Loay mume wangu, na yeye ni mtu mnene, anavuja jasho akikaa tu. Akipita anakipandisha baridi. Akitoka nakishusha. Nakaa sebuleni Al Khoudh, hapa Maskati, mwezi wa Mei, nimevaa soksi na sweta la mume wangu. Jirani yetu, Bi Bashayer, aliniuliza kama natoka Uingereza.

19 Mei

Nimelala, nimeamka, nimekunywa maji. Mtoto anacheza sana.

23 Mei, Ijumaa

Paja la kulia lilianza baada ya chai. Kwanza kama mtu anabisha hodi, halafu kama anavunja mlango. Nilikwenda chumbani, nikatoa tembe moja. Nilikuwa nayo kiganjani Bi Wadha alipoingia na nguo zilizopigwa pasi.

"Hiyo nini, mwanangu?"

"Dawa ya maumivu, Mama. Daktari kaniandikia."

"Dawa gani?"

Nikamtajia. Akaziweka nguo, akakaa kitandani taratibu.

"Si ndiyo hiyo wanayopewa watu wa kensa?"

"Hata sisi tunapewa."

"Na huyo aliyemo tumboni? Mie nimezaa sita, sikutia kinywani hata panadol. Nnakwambia kwa mapenzi, Nadra. Wewe unatuliza mguu, mtoto analewa. Akizaliwa hana akili tutamwambia nini?"

Nilimweleza aliyoyasema daktari, kwamba kipimo ni kidogo, kwamba maumivu yenyewe ni hatari kwa mtoto. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Madaktari hawamlei mtoto. Tunamlea sisi."

Loay alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Nilimtazama. Mume wangu ni mpole, hajawahi kuninyanyulia sauti. Alisema, "Mama anaogopa tu," kisha akasema anakwenda kutia petroli.

Nikairudisha tembe kwenye kichupa.

24 Mei

Bi Wadha alinikanda kwa mafuta ya habasoda akinisomea. Mikono yake ni mizuri. Paja halikusikia.

27 Mei

Maumivu yamepungua yenyewe. Nimeyashinda bila dawa. Bi Bashayer alikuja kunywa kahawa na nilimsikia mavyaa wangu akimwambia, "Mke wa Loay ana subira, mashallah. Huwezi kumjua kama anaumwa." Nilikuwa jikoni. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa nyota kwenye daftari lake. Tangu niolewe sijasikia akinisifu kwa jambo lolote, si kupika, si kazi yangu.

30 Mei

Dada yangu Ghadeer ameniletea ujumbe kwenye simu: "Unakunywa maji?" Basi. Hakuna salamu.

Hatujazungumza tangu nilipompa habari ya mimba. Yeye ni mkubwa wangu, na ana ugonjwa huuhuu. Tulikua kitanda kimoja. Mmoja akiumwa mwingine anajua kabla hajasema. Alichumbiwa zamani na mwanamme aliyempenda. Walipopima damu kabla ya ndoa, yule mwanamme akaonekana ni mbebaji wa selimundu, na wakaachana kwa hiari yao, wasije wakazaa watoto wa kulia usiku na mchana. Sasa anaishi peke yake Madinat Sultan Qaboos, anafanya kazi ya kutafsiri, hataki kusikia habari ya kuolewa.

Loay tulipopima alikuwa safi. Kwa hiyo nilidhani Ghadeer atanifurahia. Aliniambia kwenye simu, "Mama alikufa na ugonjwa wake mwenyewe, sisi tukamzika. Wewe unataka kufa kwa ajili ya mtu ambaye hata hujamjua." Nikakata.

Sikumjibu ujumbe wake. Lakini nilikwenda nikanywa maji.

2 Juni

Kliniki. Mtoto mzima, moyo unapiga vizuri. Dkt. Raghad akaniuliza, "Umetumia mofini mara ngapi?" Nikamwambia sijahitaji. Akasema, "Hujahitaji, au hujatumia?" Nikacheka kidogo. Loay alinitazama, halafu akatazama picha ya ukutani.

Kwenye gari akaniuliza, "Mbona hukumwambia kweli?"

"Mbona wewe hukumwambia?"

Akawasha redio.

6 Juni, Idi

Watu wengi tangu baada ya sala. Mawifi zangu, waume zao, watoto kila pembe. Kiyoyozi kimewekwa baridi kabisa kwa ajili ya wageni, na mlango unafunguliwa na kufungwa, kwa hiyo unatoka motoni unaingia barafuni. Nilipokea wageni, nikapiga picha, nikamimina kahawa mpaka Bi Wadha mwenyewe akaninyang'anya dele. "Kaa, mwanangu." Nilikaa chini ya upepo. Sikutaka kuomba kuhama mbele za watu.

Mgongo umeanza.

7 Juni

Siku ya shuwa, nyama ya Idi iliyofukiwa tangu jana. Nyama ilitoka shimoni ikinukia mtaa mzima. Sikuweza kula. Nimesema ni kiungulia.

8 Juni

Mgongo na mbavu. Kichupa kiko kwenye mtoto wa meza. Nikikiangalia nasikia "analewa."

9 Juni

Siandiki.

15 Juni, Jumapili. Hospitali

Sasa naweza kushika kalamu. Nitaandika yote mara moja nisije nikayasahau, au nikaanza kuyapamba.

Jumanne ya tarehe kumi niliamka nikiwa siwezi kugeuka kitandani. Loay alinisaidia kukaa, akaniuliza, "Twende hospitali?" Bi Wadha akajibu kabla yangu: "Yalikuja yale ya mguu yakaondoka. Haya nayo yataondoka." Nami nikasema ndiyo, yataondoka. Ni mimi niliyesema. Loay akaenda kazini.

Mpaka adhuhuri maumivu yalikuwa yamepanda kifuani. Kila nikivuta pumzi ilikuwa kama kisu kinaingia chini ya titi la kushoto, basi nikawa navuta nusu, kisha robo. Bi Wadha alikaa kichwani pangu, ananifuta jasho na kunisomea. "Hodari wangu," alikuwa akisema. "Hodari wangu, unavumilia." Mtoto, aliyekuwa akinipiga mateke kila siku baada ya chakula cha mchana, alikuwa kimya.

Huo ukimya ndio ulionitoa akili. Nilichukua simu. Nilimpigia Loay, haikupokelewa. Nikampigia Ghadeer. Sikumchagua kwa kufikiri. Ni kwamba pumzi yangu haikutosha kumweleza mtu, na yeye peke yake ndiye asiyehitaji maelezo. Alipopokea nilisema, "Kifua." Akasema, "Nakuja," akakata.

Aliingia na viatu vyake mpaka chumbani. Bi Wadha akasimama kumpokea. "Ahlan, mwanangu. Anapata nafuu sasa, hata kulia halii."

Ghadeer hakumgombeza. Alimshika mkono, akamvuta karibu na kitanda, akasema taratibu, "Mama, mwangalie midomo. Ina rangi gani?"

Bi Wadha akanitazama. Nilimwona uso wake ukibadilika. Alikwenda mbio kutafuta buibui lake, na yeye ni mtu asiyekwenda mbio.

Ghadeer aliendesha, Bi Wadha nyuma kanishika. Barabara ilikuwa inang'aa kwa joto, siwezi kuitazama. Mapokezi ya dharura palikuwa na daktari kijana ambaye sikupata kumjua jina. Aliniuliza maumivu ni kiasi gani, moja mpaka kumi. Nikasema sita. Mpaka pale, midomo imegeuka rangi, nilisema sita ili nisionekane najidekeza. Ghadeer akasema kwa Kiarabu, "Dada yangu akikwambia sita na hawezi kumaliza neno, andika kumi. Na mpime hewa kwenye damu sasa hivi." Alipima. Kuanzia hapo watu wakaanza kwenda haraka.

Waliniwekea oksijeni, wakanichoma mofini, wakaleta mashine ya kunitoa damu yangu na kunitia ya watu wengine. Dkt. Raghad alishuka mwenyewe. Alinieleza karibu na sikio: mapafu yamezibwa na ugonjwa, moyo wa mtoto unapungua mbio, atanipasua akishamaliza kunipa damu ya kutosha, hatangoja uchungu. Nilitaka kumwambia kwamba nimejitayarisha kwa uchungu wa kuzaa miezi yote hii, kwamba huo ndio uchungu mmoja wenye faida niliokuwa nangojea maishani. Sikuwa na pumzi.

Loay alifika. Walikuwa nyuma ya pazia, wakidhani sisikii.

"Ulikuwa wapi?" Ghadeer alimwuliza.

"Kwenye mkutano. Simu niliiacha—"

"Siulizi leo. Nauliza miezi yote hii."

Kwa mara ya kwanza nilimsikia mume wangu akilia, sauti ndogo kama ya mtu anayekohoa. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba hata hapo ni mimi ninayemwonea huruma yeye.

Alizaliwa kabla ya magharibi. Msichana. Tumemwita Shatha. Yuko kwenye chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, ndani ya kisanduku cha vioo, na mpira wa hewa puani.

16 Juni

Nimepelekwa na kiti cha magurudumu kumwona. Mapaja yake membamba kuliko ya kuku wa kienyeji. Niliingiza mkono nikamgusa unyayo, akauvuta.

Nilimwuliza Dkt. Raghad kama kilichomdhuru ni zile tembe za mofini nilizokunywa mwanzoni mwa mimba. Alivuta kiti akakaa. "Nadra, zile hazikumfanya kitu. Aliteseka kwa sababu wewe ulikosa hewa, na ulikosa hewa kwa sababu ugonjwa uliachwa siku nne ukipanda. Nasema hivi si kukulaumu. Nasema ili ukirudi nyumbani ujue la kusema."

17 Juni

Bi Wadha alikuja na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Ghadeer alikuwa amelala kwenye kiti. Bi Wadha alinimiminia, akaninywesha kijiko kwa kijiko kama kwamba sina mikono. Bakuli lilipokwisha aliliweka chini.

"Nlikuwa nnakusifu," alisema. "Wewe unakufa, mie nnakusifu."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nikaona nikisema hivyo nitakuwa narudia yaleyale, kumeza ili mtu mwingine apumue. Nikanyamaza. Alikaa na ukimya wangu, hakuondoka.

18 Juni

Namwambia Ghadeer aende nyumbani. Hataki. Wodi hii ina baridi, dari linapuliza moja kwa moja juu ya kiti chake, na amelala hapo tangu siku ya kwanza akiwa na mtandio tu. "Nikienda nani atawaambia sita yako ni kumi?" Loay anasema atakaa yeye. Ghadeer anamtazama tu.

19 Juni

Loay amekaa. Alipoona nimekunja vidole vya miguu aliniuliza, "Wapi?" Nikasema paja. "Kiasi gani?" Nikasema nane. Akaenda kumwita muuguzi, akarudi akakaa, akanitazama mpaka dawa ikashika. Najua ilikuwa kazi nzito kwake. Baadaye aliniambia, "Nikikuangalia unaumwa nahisi kama mtu anayeiba. Ndiyo maana nilikuwa natoka."

Sikumwambia nimemsamehe. Nilimwambia kesho aje tena.

20 Juni, Ijumaa

Ghadeer hakuja. Nilipiga simu tangu asubuhi. Adhuhuri Loay akaniambia: amelazwa ghorofa ya chini. Alianza kuumwa nyonga jana akiwa kwenye maegesho, akajiendesha mwenyewe mpaka mlango wa dharura, akawakataza wasiniambie.

Baridi, uchovu, kukosa maji. Alijua kuliko mtu yeyote. Alikaa.

22 Juni

Nilikwenda kumwona, Loay akinisukuma, Bi Wadha akifuata. Ghadeer alikuwa ameugeukia ukuta, goti limekunjwa, mto ameuuma. Nilijua mpaka wapi panauma kwa namna alivyoweka bega.

Muuguzi alisema dawa yake imekwisha nguvu, lakini daktari lazima aandike tena, na daktari yuko kwenye mzunguko. Na akasema, kwa upole wake, "Si mara yake ya kwanza, amezoea. Asubiri kidogo."

Bi Wadha akamwambia kwa Kiarabu, "Hakuna anayezoea. Mpigie daktari simu nami nikisikia."

"Mama, kaa kwenye kiti, tutakuja."

"Sikai."

Hakupaza sauti. Alisimama mbele ya meza yao, mwili wake wote, mkoba mkononi, miguu imemvimba na joto la nje, na hakusogea. Watu wa wodi wakaanza kuangalia. Yule muuguzi akainua simu. Dawa ikaja.

Ilipoanza kushika, Ghadeer akafungua jicho moja.

"Mtoto yukoje?"

"Wameondoa mpira wa hewa jana. Anakunja uso akinyonya."

"Usimlete humu, kuna maradhi."

"Sitamleta."

"Bado nimekukasirikia, Nadra."

"Najua."

"Usizae tena."

Nilimshika kisigino, kama tulivyokuwa tukishikana utotoni, bila kubonyeza. Alilala.

26 Juni

Shatha ametoka kwenye kisanduku. Nimemlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi. Kifua kilekile.

1 Julai

Tumerudi Al Khoudh na mtoto. Bi Bashayer na wengine wamekuja kumtazama. Katikati ya mazungumzo mbavu zikaanza. Nikasema, "Samahanini, naumwa, nakwenda kumeza dawa." Bi Bashayer akashusha macho. Bi Wadha alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaendelea na habari ya bei ya mbuzi. Daktari amesema naweza kunyonyesha na kipimo hiki, namwangalia tu asisinzie kupita kiasi.

Usiku nililia. Sijui kwa lipi hasa.

5 Julai

Habari ya Ghadeer si nzuri. Nyonga imekosa damu muda mrefu, kichwa cha mfupa wa paja kimekufa. Watambadilisha nyonga mwakani labda. Kwa sasa atatembea kwa gongo. Aliniambia kwa simu kama anayesoma hali ya hewa. Nilisema ni kwa sababu yangu. Akasema, "Ni kwa sababu ya ugonjwa. Usijipe ukubwa."

Lakini ni kwa sababu yangu pia, na yeye anajua, na hatutalisema tena.

9 Julai

Joto la kufunga madirisha. Shatha amenyonya vizuri. Loay kaamka naye alfajiri, nikalala.

13 Julai, Jumapili

Ghadeer amekuja. Loay alimfuata, akamsaidia ngazi za mbele. Gongo linamkera, analitupa chini kila anapokaa. Bi Wadha alileta sahani ya rutab, zile tende laini za kwanza kutoka shamba la kaka yake, akamchagulia zilizoiva zaidi, akatuacha.

Hospitali chumba cha watoto kiliruhusu wazazi tu, kwa hiyo kwa mwezi mzima dada yangu alikuwa hajamwona mtoto ila kwenye picha. Nilimwekea mikononi. Hakujua pa kuweka kiwiko. Shatha alinyoosha miguu, akapiga miayo, akaupinda mgongo kama wanavyofanya watoto, na Ghadeer akashtuka.

"Nini? Anaumwa?"

"Anajinyoosha tu."

"Mgongo?"

"Hana kitu, dada."

Akampapasa taratibu, miguu, mapaja, mbavu moja baada ya nyingine, akisubiri alie. Hakulia.

"Hakuna hata pahala pamoja panapomuuma," alisema.

"Hakuna."

Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetazama nchi aliyoisikia tu habari zake. Chai ilipoa. Niliponyoosha mikono nimpokee apumzike, akageuza bega akanizuia.

"Mwache kwanza," alisema. "Mwache kidogo."